Jiwe Nililiweka Mimi

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nimelikwepa miezi minane, na muda wote huo kuna mtu mwingine anayelibeba. Wewe unayesoma hunijui, na huenda ndiyo maana nimepata ulimi wa kukwambia.

Ninakaa Kisauni. Mimi ni karani kwenye yadi ya makontena, mtu wa kalamu, si wa grisi. Lakini tangu niliponunua kigari changu kikuukuu nilijiona fundi. Kila nikirudi kazini nilikuwa nikitazama video za simu, watu wakifungua na kufunga magari huku wakicheka. Mke wangu, Mwanaisha, alinitania: "Leo daktari wa magari yuwasoma ugonjwa gani?" Nami kichwa kikazidi kuvimba.

Basi gari likaanza kugonga mbele upande wa kushoto kila nikipita shimo. Fundi wetu wa mtaani akachungulia, akasema ni bushi, ule mpira unaoshika mkono wa gurudumu, umekwisha. "Niletee Jumatatu," akasema.

Jumatatu! Mimi wa kungoja Jumatatu kwa sababu ya nati mbili?

Nilikwenda Kongowea kununua mashine ya umeme ya kufungulia nati. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mpole, anayejua bidhaa zake. Akanitolea ndogo. Nikaonyesha kubwa kuliko zote rafuni.

"Hiyo ni ya malori, babangu," akasema. "Yatikisa mpaka meno. Gari lako ni dogo. Nati ikiwa na kutu, itie mafuta, iwache ilale, kisha uifungue kwa spana ndefu pole pole."

"Nipe hiyo hiyo."

"Haya. Na gari utalisimamisha juu ya nini? Nina stendi za chuma hapa."

"Mawe yako nyumbani."

Alinitazama kidogo, kisha akanifungia mzigo wangu. Laiti ningemsikiza yule mama! Nilitoka dukani nikitembea kifua mbele.

Mawe niliyoyasema ni yale ya kuchonga yanayotoka Mwakirunge, yaliyobaki tulipojenga ukuta. Sisi wa huku tumeyazoea mno. Jiwe la kuchonga ndilo kiti, ndilo ngazi, ndilo tunalotelekea sufuria kubwa kukiwa na shughuli, na gari likiharibika ndilo tunalolitia chini yake. Hakuna anayekumbuka kwamba jiwe hilo tunalikata kwa msumeno. Kitu kinachokatwa kwa msumeno si chuma.

Jumamosi asubuhi nikaanza kazi uani. Shemeji yangu Hamisi, ndugu wa Mwanaisha, akaja kunitembelea. Hamisi ni mshona kanzu. Nasema ni, ulimi haujazoea kusema alikuwa. Darizi ya shingoni aliitia kwa mkono, sindano na uzi, akikaa siku nyingi juu ya kola moja. Watu walivuka feri kutoka Likoni kuja kwake. Na wiki zile, Idi ikikaribia, alikuwa akinishonea kanzu mimi. Zawadi, bila ya kuniambia.

Nilikuwa nimeshang'oa gurudumu na kulaza gari juu ya jiwe. Jeki nilikuwa nimeitoa, niisukumie ule mkono wa gurudumu. Na gurudumu lenyewe nimelikalia kama kigoda, nisichafue suruali!

Hamisi akaamkia, akainama, akatazama. "Shemeji, jiwe hili laini. Hatuna gogo la mbao?"

"Hamisi, rudi kwenye sindano zako."

Akacheka. "Haya bwana. Angalau hilo gurudumu ulilokalia lisukume chini ya gari. Fundi ndivyo afanyavyo, nimemuona. Gari likishuka, lishukie gurudumu."

Nikamwambia mshona kanzu hafundishi watu magari. Sikuinuka. Wallahi, ningeinuka tu! Kuinuka kungenigharimu nini?

Nati ilikuwa imeshikana kwa kutu. Kila nikiizungusha, bolti yote inazunguka. Nikamwomba Hamisi anishikie kichwa cha bolti kwa spana upande wa pili. Mimi ndiye niliyemwomba, hakujitia. Akapiga goti, akapitisha mkono wa kulia chini ya sahani ya breki.

Nikawasha mashine.

Yule mama alisema kweli. Gari lote lilitetemeka. Nikaona unga mweupe ukimwagika kutoka kwenye jiwe, nikadhani ni vumbi. Hamisi akasema, "Shemeji, hebu ngoja." Nikasema, "Bado kidogo." Hayo ndiyo maneno yangu mawili ninayoyasikia mpaka leo kila nikinyamaza.

Jiwe likapasuka. Gari likaanguka, na ile sahani ya breki ikashukia mkono wa Hamisi.

Sitaeleza kelele zake. Majirani walifika, wakainua gari kwa mikono, wanaume sita. Hospitalini walijitahidi, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikuokoka. Cha shahada ni kimoja kati ya hivyo. Mkono wa darizi!

Sasa sikiliza kosa langu lenyewe, maana mpaka hapo ningeweza kusema ni ajali.

Mama mkwe alifika hospitalini amejifunga leso vibaya. Mwanaisha yuko ubavuni mwake, mimba ya miezi sita. Jamaa wamejaa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, ilikuwaje?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mama, nilimwambia asiingize mkono. Na jiwe aliliweka yeye."

Hamisi alikuwa kitandani, macho wazi. Alisikia kila neno. Nilimwona akinitazama, nikangoja anifedheheshe. Akageuza uso ukutani.

Watu walipoondoka nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Mwanaisha ana mimba," akasema. "Nikisema, mama atamrudisha nyumbani leo leo. Dada yangu sitaki alie. Wewe utasema mwenyewe ukiwa tayari."

Ukiwa tayari! Jamani, sikuwa tayari kesho yake. Sikuwa tayari alipotoka hospitalini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, tena watu walinipa pole nikipita.

Siku mbili kabla ya Idi, Mwanaisha alinijia na mfuko kutoka kwao. Ndani mna kanzu nyeupe, kipimo changu. Shingoni, upande wa kulia darizi imejaa, mshono umepangana mpaka kupendeza. Ikifika katikati ya kifua imesimama. Upande wa kushoto ni kitambaa kitupu, na alama za penseli alizochora zikingoja uzi. Hamisi alimwambia Mwanaisha: mpe hivyo hivyo, kitambaa kisiharibike. Niliingia msalani nikalia mpaka nikaishiwa nguvu.

Niliivaa, ningefanyaje? Siku ya Idi tulikula kwa mama mkwe. Hamisi alikuwa akijifunza kula kwa kijiko mkono wa kushoto, wali unamwagika. Mama akamtazama, akasema kwa uchungu, "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Huyu tangu utotoni hasikizi la mtu. Mwenzake amwambia asitie mkono, yeye atia." Hamisi akaokota punje za wali mkekani moja moja. Mimi nikanyanyua glasi ya sharubati, nikanywa.

Mimi mwanamume mzima, nikanywa!

Cherehani yake sasa ameifunika shuka. Aziba mifuko ya nguo za watu iliyotoboka mlangoni mwa mshona nguo mwingine, atia vifungo, kazi ya kubahatisha. Wateja wa darizi wamehama. Hajawahi kunikumbusha. Ningependa anitukane, anitemee mate, nilale.

Wiki iliyopita kulikuwa na nikahi mtaani, nikaivaa tena ile kanzu. Mzee mmoja akanishika kola, akastaajabu. "Darizi nzuri hii! Mbona ya upande mmoja?"

Nikajibu haraka, "Fundi hakumaliza."

Nikageuka. Hamisi alikuwa nyuma yangu, amempakata mwanangu kwa mkono wa kushoto. Mtoto amelala begani mwake. Alimtengeneza kofia tu, kwa vile vidole viwili vilivyobaki.

Hata hapo nilimsingizia tena, ndugu yangu. Usiku huo nikaanza kuandika haya, niyapeleke gazetini.

Wewe unayetaka kujitengenezea gari, jitengenezee, si haramu. Lakini chombo kinunue kwa kazi, usikinunue kwa kujionyesha. Nati yenye kutu inataka mafuta na subira. Gari usiliweke juu ya jiwe la kuchonga hata kama babako aliliweka na likashika. Gurudumu ulilolivua lisukume chini ya gari, usilikalie. Mwenzio akisema ngoja, zima mashine. Na ukikosea, sema pale pale, ungali na damu ya mwenzio mikononi. Ukimtwisha mwingine kosa lako siku moja, kesho hupati pa kulishushia.

Nimemwambia Mwanaisha jana. Amempeleka mtoto kwa bibi yake, na sijui kama watarudi. Sina haki ya kuuliza.

Limebaki moja. Macho ya mama mkwe hayaoni tena maandishi, na kila Jumamosi baada ya chai Hamisi humsomea gazeti hili, ukurasa kwa ukurasa, akishalipitia kwanza mwenyewe. Mwanaisha, kwa hasira zake, amesema hatamwambia mama, kwa sababu si kazi yake.

Hamisi, ukifika hapa, ukurasa huu usimsomee. Niko njiani na kanzu yako mwilini, naja kumsomea mimi.