Mayai Kwenye Joho la Shosho

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ndiye yule kijana wa Kiamunyi aliyempigia kelele shosho wa watu, nyanya mwenye wajukuu, siku ya ubatizo wake, na kama hii stori ilikufikia na chumvi ati nilimvua joho, hapana, hiyo sikufanya (nilimwomba tu asilikamue, tena kwa adabu).

Mimi hufuga koi, wale samaki wa urembo wa rangi ya machungwa na nyeupe, na ndoto yangu ni siku moja kujaza vidimbwi vya bustani zote za matajiri wa Milimani. Wakati huo nilikuwa na watatu, madume wawili na jike mmoja ninayemwita Madam, niliyemlea tangu akiwa mdogo kama kidole, miaka mitatu nikingoja atage. Sasa dimbwi langu likapasuka, nikaliziba na simiti, na simiti mbichi huua samaki, kwa hivyo nikawaweka kwenye ndoo, wakaanza kuhema midomo juu, na mimi roho yangu haiwezi kuona kitu kikihema hivyo. Ilikuwa Jumamosi jioni, na sisi vijana wa kanisa tulikuwa tumetoka tu kujaza tanki la ubatizo nyuma ya kanisa kwa maji ya mvua, safi, mengi, yamelala bure chini ya turubai. Nikajiambia ni usiku mmoja tu, kesho mapema nawatoa, na hata wanafunzi wa Yesu walikuwa watu wa samaki.

Kumbe maji mapya ndiyo huwaamsha koi. Saa kumi na mbili asubuhi nikafunua turubai nikakuta vita, madume wamembana Madam ukutani, maji yanaruka, povu kila mahali, nikadhani wanamuua, karibu nilie, halafu nikaona mayai madogo kama punje za mtama, yanang'aa, yamenata kwenye ngazi ya tanki. Alikuwa anataga! Nilicheza pale peke yangu kama mtu aliyepata mchumba. Ningewatoa angeacha, na ubatizo kwetu huja mwisho baada ya mahubiri, basi nikarudisha turubai nikaingia kanisani kuimba.

Siku hiyo pasta akaamua tuanze na ubatizo.

"Nani aliosha hii tanki na sabuni akakosa kusuuza?" akauliza akiangalia lile povu. Vijana wenzangu wakaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu. (Hapo ndipo ningeongea.)

Wa kwanza alikuwa Shosho Wangari, mama mzito wa miaka sabini na kitu, familia yake imemwombea aokoke mpaka magoti yakaota sugu, na wajukuu wako pale na simu wanarekodi. Pasta akaingia, shosho akamfuata, joho jeupe likaelea kama mwavuli, halafu akasimama.

"Pasta, kuna kitu inanishika miguu."

"Aleluya!" kina mama wakaitikia.

"Sio aleluya. Iko na mkia."

Hapo Madam akaruka, akamchapa pasta shavuni kwa mkia, pasta akateleza akazama mzimamzima, na shosho akapanda ngazi kwa mbio ambazo magoti yake hayakuwa nazo asubuhi hiyo. Akashika joho aanze kulikamua. Nikatupa macho ngazini nikaona madume tayari wanakula mayai yaliyonata pale, ndiyo tabia yao, nikatupa macho kwa joho, na kuanzia magotini kwenda chini lilikuwa limejaa mayai aliyotaga Madam akimzunguka miguuni, miaka yangu yote mitatu mikononi mwa shosho.

"Shosho, usikamue! Kuna mayai!"

Wajukuu wakanigeuzia simu.

"Mayai ya nani?" pasta akauliza, maji yakimtoka puani.

"Ya Madam."

"Madam gani?" mke wa pasta akauliza, na hiyo sauti haikuwa ya wokovu.

Nikapiga magoti nikaeleza kila kitu, machozi na kamasi pamoja. Shosho akaangalia joho, akaniangalia mimi.

"Kijana, unataka nivue hapa mbele ya wajukuu wangu?"

"Hapana, shosho. Nataka tu usikae chini."

Akacheka, wueh, akacheka mpaka akashikilia ukuta. "Niliingia peke yangu nikatoka na familia!" Akaenda kubadilisha, akaniletea joho mwenyewe, amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, tukalilaza kwenye ndoo ya maji. Nikawatoa wale watatu, na pasta aliposema ubatizo uahirishwe maji yabadilishwe, shosho akakataa: "Mimi nimezaa watoto tisa. Siwezi ogopa maji ya mwenye anazaa." Akashuka tena, akazamishwa, na ile aleluya ya safari hii ilikuwa yake kweli.

Mimi nikapewa tanki nilisugue peke yangu, ndani na nje, na wajukuu wakirekodi hiyo pia.

Siku ya nne joho likawa na macho madogo mengi ya vifaranga yananiangalia. Shosho akaja kuona, akainama sana. "Mbona weusi? Mimi nilibeba wa rangi." Nikamwambia rangi huja baadaye. "Kama wokovu," akasema, akaomba kiti.

Nami nimeapa: nikiweka chochote kwenye maji ya watu, nitasema kabla mtu hajavua viatu.