Lehemu ya Baba

Nakumbuka siku moja baba yangu alirudi kutoka hospitali akakifunga kibanda chake cha mtaa wa Malindi, Unguja, mchana kweupe. Wewe mwanangu hukumjua. Alikuwa fundi wa redio, mwembamba kama waya zake. Alipofika nyumbani akamwambia mama, "Nshaacha kazi. Daktari kasema lehemu imenizidi mwilini."

Mama akajishika kifua. Lehemu sote tuliijua: ile risasi laini inayoyeyuka kwa moto, ikatoa moshi na kuunganisha waya. Baba aliuvuta moshi ule tangu ujana wake, basi tukaamini ndio uliomwingia. Vidonge alivyopewa akavitia kabatini. Dawa yake, alisema, ni kuukimbia moshi. Na mama, kwa huruma, akazidi kumlisha ili apate nguvu: wali wa kasimile, yaani lile tui zito la kwanza, mchuzi wa pweza wa tui hilo hilo, na asubuhi chapati zilizolala ndani ya samli.

Mimi nilikuwa msichana wa kuulizauliza, mama akiniita mdaku. Jambo moja lilinikaa kichwani. Moshi ulikuwa umekwisha, lakini baba akipanda ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe alisimama katikati, kiganja juu ya kifua, akijifanya anatazama nje dirishani. Na nje palikuwa na ukuta wa jirani tu. Kama ugonjwa ni moshi, mbona hapati nafuu? Nikaenda hospitali peke yangu, nikamngoja yule daktari mlangoni.

"Shikamoo, daktari. Baba ameacha kulehemu redio, lakini kifua bado kinambana."

Bi daktari akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Kulehemu redio? Yarabi! Na vidonge?"

"Viko kabatini."

"Mlete leo hii."

Baba alikaa mbele yake, akapimwa moyo, kisha akaelezwa. Lehemu ya mwilini si ile ya redio, ni jina tu la aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu. Mwili wenyewe huyatengeneza, na chakula chenye mafuta mazito huyazidisha. Yakizidi hujibandika ndani ya mishipa, njia ya damu ikawa nyembamba, na moyo ukakosa damu ya kutosha. Wembamba wa mtu si kinga, na dalili huchelewa kuonekana. Kinachoyafichua mapema ni kipimo cha damu.

Baba alifikiri, kisha akasema, "Kumbe ni lehemu kweli. Kidogo inashika kazi. Ukiimwaga nyingi, redio inakufa."

"Basi nenda kaendelee na redio zako," daktari akamwambia, "dirisha liwe wazi. Vidonge umeze kila siku. Na huko jikoni kwenu, mkapunguze tui zito na samli."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mama alikuwa na jina mtaani kwa mapishi yake. "Yaani nimkamulie mume wangu tui la maji?" akasema. "Watu watasemaje?"

"Watasema bado unaye mume," baba akamjibu.

Siku ya pili ulipikwa wali mweupe, samaki wa kuchoma na kunde. Baba akafungua kibanda, akawa anakwenda kwa miguu, na vidonge vikahama kabatini vikakaa kando ya birika la chai. Alipopimwa tena, mafuta yalikuwa yameshuka. Lakini mimi sikuhitaji kuambiwa. Jioni moja nilikaa juu nikazisikiliza hatua zake ngazini, nikingojea zisimame. Hazikusimama mpaka alipofika mlangoni.

Kwa hivyo, mwanangu, ukitajiwa jina la ugonjwa usilolijua, usinyanyuke kitini kabla hujauliza maana yake, hata foleni nyuma yako inung'unike. Usijione mzima kwa kuwa nguo zinakupwaya, kapime damu. Dawa usiiache kwa fikra zako mwenyewe, kamuulize aliyekupa. Na kasimile sikwambii uihame, mtu wa Unguja ataihamaje? Iweke kwa sikukuu, na samli vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu akupe mishipa iliyo wazi na watu wa kukuulizia pale unapoona haya kuuliza. Na ngazi za nyumba yako akujaalie uzipande hadi uzeeni, usilazimike kusimama katikati kutazama ukuta wa jirani.