Lori la Padri na Springi za Vita

Padri alinunua lori kuukuu la jeshi kwenye mnada, akaniita nje ya kanisa nilitazame. Nikalitazama. Lilikuwa zuri kama kifaru, na akili zake ni hizo hizo. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa fundi wa magari hapa Isiolo. Sikuwa mtu wa ibada, lakini misheni ilinipa kazi kwa sababu mafundi waliosali walikuwa wabovu kuliko mimi.

Safari ya kwanza ya Merti nilikaa mbele na Padri. Lori lile lilitengenezwa kubeba mabomu, na bomu halina makalio. Kila korongo lilitutupa darini. Karibu na Merti, meno ya bandia ya Padri yaliruka yakatua kwenye kiatu changu. Katekista, aliyekuwa nyuma, alishuka akitembea kama aliyetahiriwa jana.

"Fundi," Padri akasema, akiyafuta meno kwa kanzu, "litulize hili gari, la sivyo nitatenda dhambi nisiyoweza kuiungama."

Nikajiona mjanja. Springi za nyuma zilikuwa na majani kumi na moja kila upande, yale mabapa ya chuma yanayolaliana. Nikatoa matano, nikafunga. Likiwa tupu, lori lilikwenda Leparua likinesanesa kama kitanda cha maharusi. Jumapili Padri akanisifu kanisani, nami nikiwa kilabuni. Wiki iliyofuata tukalipakia magunia ya mahindi. Hatujafika hata nusu ya njia ya Merti, nyuma kukakaa kitako, tairi zikasugua bodi, moshi ukafuka. Tulishusha magunia juani, mimi, Padri na katekista, na safari hii hakuna aliyenisifu.

Niliporudi gereji nililala chini ya lori nikalichunguza kwa adabu. Ndipo nikaona upumbavu wangu. Majani ya springi yanapaswa kuteleza moja juu ya jingine. Haya yalikuwa yameshikana kwa kutu, yamekuwa chuma kimoja. Nikayatenganisha yote, nikayasugua kwa brashi ya waya, nikayapaka grisi. Katika yale matano niliyotoa nikarudisha manne, mawili mafupi nikiyaweka juu kabisa na kuyaachia nafasi, yafanye kazi mzigo ukizidi tu. Shoki za kumeza mitikisiko nilizitoa kwenye basi lililokufa, nikachomelea vishikio vyake. Mwisho nikapunguza upepo wa tairi. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Nikamwomba asinyunyize kwenye breki.

Tulikuwa Biliqo siku mama mmoja mzee wa Kiborana alipomleta mkaza mwanawe. Binti huyo alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu siku iliyotangulia, na mtoto amelala kombo tumboni. Muuguzi wa zahanati ya pale alisema apelekwe hospitali mjini, ila polepole, asitikiswe. Tukatandika magodoro nyuma. Nikaendesha mwenyewe, nikimsemesha Mungu ambaye hatukuwa tumezoeana.

Tulipopumzika njiani, mama mzee akanijia kwa hasira.

"Wewe, gari hii imekuwa mgonjwa?"

"Hapana, akko," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha yake. "Nimeitengeneza."

"Nilisikia inatupa watu mpaka juu! Nikasema itageuza huyu mtoto tumboni, akae sawa. Sasa msichana amelala!"

Padri alicheka hadi akaziba mdomo kwa mkono, akihofia meno. Mimi sikucheka. Nilipanda nyuma nikamtazama yule dada. Kweli alikuwa amesinzia, amejikunja kando ya gurudumu la akiba, uso umetulia.

Mjini daktari alimpasua jioni hiyo hiyo. Mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kondakta. Kesho yake nilikwenda kuwaona. Mama mzee akaniwekea mtoto mikononi bila kuniuliza, akarudi kulalamika kuhusu chai ya hospitali. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nikasimama hapo nimemshika kwa viganja tu, viwiko nimevitenga mbali na shuka lake.