Chekeamwezi Walimwonya, Hakusikia

Leo nimemvuta mtu kutoka kwenye tope, na ni yule yule aliyeniita Mwalimu Tope!

Nilipohamia Kiongoroni kutoka Singida, wiki ya kwanza tu nilizama ufukweni hadi mapajani. Jirani yangu, Kaka Mbwana, akanitoa. Kisha akanipa hilo jina, na kijiji kizima kikalidaka.

Mkewe, Dada Somoe, ndiye aliyenihurumia. Akanifundisha: ukiona chekeamwezi, wale ndege wadogo wenye midomo mirefu, wamejazana wanadonoa, hapo tope ni laini. Zunguka.

Basi leo asubuhi maji ya bahari yametoka, kibaridi cha kipupwe kinapuliza, tunatembea watatu.
Ndege weupe, yangeyange, kibao. Furukombe, yule tai mla samaki, kakaa juu ya mkoko, kanuna kama mkaguzi wa shule.
Mara heroe, wale ndege wa shingo na miguu mirefu! Kundi zima, rangi ya waridi!

Kaka Mbwana akachomoa simu, akakata njia ya mkato.
Mbele yake chekeamwezi wanadonoa.

"Kaka, hapo hapafai!"
"Mwalimu, mimi nimezaliwa hapa!"

Hatua tatu. Magotini. Mapajani.
Heroe wote wakaruka zao.

Tukamvuta mimi na mkewe, yeye simu kaiinua juu utadhani mtoto mchanga. Dada Somoe alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamwuliza taratibu, "Kaka, sasa lile jina tunalifanyaje?"
Akajifanya anatazama picha zake.

Picha aliyopata ni moja: tope, na kidole chake gumba.
Nimeiweka hapo chini. Haya, mpeni jina.