Kura ya Mlolongo Kiandutu

Neno lenyewe lilikuwa soja, na lilisemwa mbele ya kaburi. Siku Mutisya alipozikwa huko kwao Yatta, Ndegwa alisimama kuongea kwa niaba ya kituo cha vijana cha mtaa wa Kiandutu, Thika. Alikuwa mwenyekiti, amevaa suti ya kijivu, na nyuma yake walikaa wageni wawili wazungu, wafadhili wa kituo, wakitafsiriwa kila neno.

"Marehemu," akasema, "arikuwa soja wetu mwaminifu. Aririnda geti mpaka siku ya mwisho."

Nzilani, mjane wa Mutisya na mama yake Kyengo, alidhani amesikia vibaya. Soja ni yule anayekaa getini na rungu. Mutisya ndiye aliyeliomba lile banda la kituo kwa mwenyewe lilipokuwa zizi la mbuzi, akalifagia kwa mikono yake, akajaza gunia la kwanza la ndondi kwa vumbi la mbao, akawafundisha vijana wa Kiandutu kupigana kwa sheria badala ya chupa. Hata huyo Ndegwa alifika hapo vidole vikichungulia kwenye viatu, na Mutisya ndiye aliyemfundisha kukunja ngumi. Leo Mutisya amekuwa soja. Wale wageni wakatingisha vichwa kwa huruma, wakamsikitikia bawabu wao, na Nzilani akasema moyoni kwamba Ndegwa atamlipa, na atamlipa hadharani.

Kuna watu wakikosewa wanaropoka, wanarusha vyombo, halafu kesho yake wanacheka na aliyewakosea. Nzilani hakuwa hivyo. Alikuwa mpishi wa muthokoi, na mahindi yaliyokobolewa hayaivi kwa kelele. Alirudi Kiandutu, akaingia jikoni kwa kituo, akaendelea kuwapikia vijana kila Jumamosi. Ndegwa akipita alimwita Mwenyekiti kwa sauti tamu, hata yule bwana akaamini mama huyu hakulisikia lile neno. Kanisani, wenzake wakifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, yeye alifunga mdomo, akawaacha wapite hapo peke yao, kisha akajiunga nao kwenye amina.

Miaka mitatu ilipita hivyo, halafu Ndegwa akajileta mwenyewe. Alikuwa na ploti Kimbo, upande wa Ruiru, nyuma ya maduka, na aliwashawishi wafadhili kwamba kituo kihamie huko, kijengwe kwa mawe, kiwe na tailizi na maegesho. Matope ya Kiandutu, alisema, yanaharibu viatu vya wageni. Na vijana je? Vijana watafuata. Utadhani kijana aliyeshinda akibeba mizigo mjini Thika angeenda hadi Kimbo jioni kupiga gunia.

Waruguru ndiye aliyeleta habari jikoni. Alikuwa kapteni wa mabondia, msichana aliyeingia pale akiwa shule ya msingi na sasa anafundisha wadogo.

"Mathe, wakihamisha hii senta tumeisha," akasema. "Hawa watoi, hawa wadogo wangu, wataenda wapi? Mimi mwenyewe sina kwingine."

"Watahamishaje?" Nzilani akauliza. "Si lazima watu waulizwe?"

Hiyo ilikuwa kanuni ya Mutisya, na wafadhili waliipenda sana wakaishikilia. Jambo lolote kubwa la kituo litangazwe mtaani kwa kipaza sauti siku kadhaa kabla, halafu watu wapige kura ya mlolongo uwanjani, kila mtu asimame nyuma ya upande wake mchana kweupe. Ndegwa hangeweza kuiruka. Alichoweza ni kuifanya kiujanja. Angetangaza mara moja tu, asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa kwa vibarua, halafu Jumamosi awabebe jamaa zake kutoka Gitothua, hukohuko Ruiru, waje kujaza laini yake.

Akapanda nyuma ya pikapu, akashika kipaza sauti mwenyewe.

"Jumamosi saa nne kutakuwa na kura pare senta," akasema. "Watu wote mnakaribishwa."

Hapo ndipo alipojichimbia shimo. Neno kura alilitamka sawasawa, pengine mara ya kwanza maishani mwake, ile herufi ere ikiwa mahali pake. Lakini Kiandutu ilimjua. Kwa miaka mingi walimsikia akisema chakula ni chakura na kulala ni kurara, na walikuwa wamezoea kumtafsiri bila kufikiria. Wachache waliokuwa nyumbani wakamtafsiri kama kawaida yao, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Jumamosi Ndegwa atalisha watu.

Waithira, jirani aliyeuza mboga, alikuja kuhakikisha.

"Mama Kyengo, wewe ndio mpishi," akasema. "Hiyo maneno ya Jumamosi ni kura ama ni kula?"

Nzilani alikuwa akichambua maharagwe. Ilimjia furaha mbaya ya mtu aliyeona adui yake akijikwaa. Sasa, ulimi wa Nzilani ulikuwa wa Yatta, na ere haikuwahi kukaa juu yake hata siku moja. Nairobi kwake ni Nailovi, na Ruiru ni Luilu. Kupiga kura na kula chakula vilitoka mdomoni mwake vikiwa neno moja.

"Ni kula," akasema. "Na usikuje peke yako."

Alikuwa amesema kweli tupu, na hakuna hakimu ambaye angemfunga. Waithira alipomwangalia usoni akaanza kuelewa, akaketi, wakapanga. Kufikia Ijumaa akina mama wa soko walikuwa wameleta mahindi na maharagwe, kila mmoja alichoweza, na kila aliyeleta alielezwa pole pole sikioni kwamba chakula kipo, lakini kuna kazi kabla ya chakula.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu walikuja na sahani, bakuli, vifuniko vya ndoo. Ndegwa akafika na jamaa zake wa Gitothua waliovaa vizuri, pamoja na Bwana Wainaina, mwakilishi wa wafadhili, mtu mpole aliyekuja kuhesabu.

"Hawa wote wanataka nini?" Ndegwa akauliza.

"Si wewe uliwaita, Mwenyekiti," Nzilani akamjibu kwa ile sauti tamu.

Wainaina akaeleza utaratibu. Wanaotaka kituo kiende Kimbo, nyuma ya Ndegwa. Wanaotaka kibaki Kiandutu, nyuma ya Waruguru. Waruguru akatembea bila haraka, akasimama kando ya sufuria kubwa, pale Nzilani alipokuwa ameshika mwiko. Uwanja wote ukamfuata. Laini ikatoka getini, ikakunja kona, ikapotea huko panapouzwa maji. Nyuma ya Ndegwa walibaki watu wa Gitothua, wakinusa upepo.

"Hii si haki," Ndegwa akamwambia Wainaina. "Hawa hawakukuja kura. Wamekuja kura."

"Mwenyekiti," Wainaina akasema, "chagua moja."

Watu walicheka mpaka wengine wakaangusha sahani. Nzilani hakucheka. Alimwangalia Ndegwa shingo ikimlowa jasho na akaona ni vizuri, ila ni kidogo bado.

"Chakura," Ndegwa akasema, akiinyooshea sufuria kidole. "Toa hiyo kitu hapo tuone kama mtu atabaki."

Nzilani akafunika sufuria. Akaamuru iingizwe jikoni, akafunga kufuli, akaja na ufunguo mkononi akasimama nyuma ya Waruguru. Na hapo, lazima isemwe, aliogopa. Aliwaita watu hawa kwa tumbo. Wakiondoka, kituo kitaenda Kimbo, banda la Mutisya litarudi kuwa la mbuzi, na atakuwa amelizika kwa mkono wake kwa sababu ya hasira yake mwenyewe. Watoto kadhaa walitoka kwenye laini. Mama mmoja akafuata.

"Kwani chakula hakuna?" mzee mmoja akauliza kutoka katikati.

"Hakuna mpaka tuhesabiwe," Nzilani akasema. "Anayetaka kuenda aende. Lakini mjue hii senta ikienda Luilu hailudi."

Mzee akaifikiria. Kisha akageuza sahani yake, akajifunika nayo kichwa kwa sababu ya jua, akabaki. Waliomfuata wakabaki. Yule mama aliyeondoka akarudi na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wainaina akaanza kuhesabu. Kabla hajafika getini, mwanamke mmoja mtu mzima kutoka Gitothua, shangazi yake Ndegwa mwenyewe, akachomoka nyuma ya mpwa wake.

"Tata, rudi," Ndegwa akamwambia chini chini.

"Uliniambia hapa hakuna watu," shangazi akasema. "Hawa ni nini?" Akavuka uwanja na kibeti chake, akasimama nyuma ya Waruguru.

Baada ya hapo Wainaina aliacha kuhesabu. Akatangaza kwamba kituo kinabaki Kiandutu, na kwamba wafadhili wangependa kuelezwa na mwenyekiti, kwa maandishi, huu mpango wa Kimbo ulikuwa kwa faida ya nani. Waruguru akashika kichwa kwa mikono miwili, mabondia wake wadogo wakamrukia mpaka akaanguka.

Ndegwa alikuwa akielekea getini. Nzilani akamkata njia na sahani iliyojaa.

"Mwenyekiti, huwezi kuita watu kula halafu uende bila kuonja."

Uwanja ulikuwa unatazama. Kukataa chakula cha mjane mbele ya watu wote wale kungekuwa aibu juu ya aibu, na Ndegwa akala, wima, kijiko baada ya kijiko, Nzilani akiwa amefunga mikono mbele yake. Alipofika nusu, Nzilani akamwita Wainaina asogee.

"Sasa mwambie huyu mzee nani alianzisha hapa."

Ndegwa akameza. "Ni Mutisya," akasema.

"Sauti."

"Mutisya ndiye arianzisha. Arinifunza hata mimi."

Watu wakapiga makofi. Nzilani alikuwa amelala na maneno hayo na kuamka nayo tangu siku ya mazishi, akijua jinsi yatakavyomtuliza. Sasa yamesemwa, Wainaina ameyasikia, Kiandutu imeyasikia. Mutisya alikuwa Yatta chini ya udongo na hakuyasikia. Akatafuta utulivu wake kifuani na hakuupata.

Ndegwa akamaliza, akafuta mdomo, akamrudishia sahani kwa mikono miwili.

"Tumeisha, Mama Kyengo?" akauliza.

"Bado," Nzilani akasema, akaenda jikoni kumpakulia nyingine.