Neno la Kuruka Ukaguzi

Kompyuta ya mradi wetu wa kifua kikuu iliwekwa Kibaha, katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Ilifunikwa kwa blanketi kwa ajili ya vumbi, na ilikuwa na feni yake yenyewe. Sisi wafanyakazi hatukuwa na feni.

Nilichukuliwa kwa sababu niliwahi kuandikia gazeti la elimu ya watu wazima. Mtaalamu wa kigeni aliyeileta mashine alikuwa karibu kurudi kwao, na mkuu wa mradi alitaka programu zake zote zielezwe kwa Kiswahili ambacho mtu wa darasa la saba angekielewa. Nikatoka mtaani kwetu, Picha ya Ndege, kila asubuhi kwa miguu, nikakaa kando ya mtambo, nikauliza maswali na kuandika.

Majina ya wagonjwa wa Kisarawe yalihifadhiwa kwenye diski, vipande bapa vya mraba vinavyopindika kama jalada la daftari. Kila kata ilikuwa na diski yake. Diski huchoka, ikaanza kusahau ilichopewa. Kwa hiyo mtaalamu alitunga jaribio la kuzipima, na programu ndogo za kulisaidia. Moja ilijaza diski nzima kwa mafaili ya uongo. Ya pili iliyasoma tena na kuyalinganisha na yaliyoandikwa. Ya tatu iliyafuta. Lakini kabla ya zote ilitangulia programu ya ukaguzi. Hiyo ilitazama kama umeme umetulia, kama kuna diski katika tundu la chini, na kama diski hiyo ni tupu. Ikikuta faili hata moja, jaribio zima linasimama.

Kwa kila programu niliandika ukurasa: kazi yake, inachohitaji kabla ya kuanza, inachosema ikikataa.

Palikuwa na neno moja ambalo mtaalamu alilitumia peke yake. Ukiliandika, ukaguzi unarukwa. Mtunza mashine, dada mmoja aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam, aliniambia nisiliweke.

"Hilo liache, kaka. Mtu asiyelijua hawezi kulitumia."

Mkuu alipopitia kurasa zangu aliuliza kama zimekamilika. Nikamweleza kuhusu neno lile na rai ya dada. Akavua miwani.

"Tumejitawala miaka yote hii, halafu mashine yetu ibaki na siri za mgeni? Andika kila kitu."

Nikaandika, na chini yake nikapigia mstari kwamba lisitumike kwenye diski yenye majina. Akatia sahihi.

Diski tupu hazikuwapo. Zilikuwa ziagizwe nje, na fedha za kigeni hazikupatikana. Kwa hiyo kila kata ilibaki na diski moja bila nakala. Kadi za karatasi za Kurui zilikuwa zimeoza tangu upepo wa masika ulipong'oa bati za zahanati. Wagonjwa wa kule walikuwa ndani ya diski tu.

Kisha tukapewa habari kwamba mgeni kutoka mkoani angetutembelea. Nyasi zikafyekwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Wafanyakazi wote wanawake waligawiwa kanga za sare ili wajipange getini kupokea. Dada wa mashine alikuwa katikati ya kuingiza majina ya Kurui alipofuatwa na mfanyakazi mwenzetu.

"Nimalizie, nitoe diski," alisema.

"Msafara umeshafika sheli, dada! Unataka mgeni apokelewe na ukuta?"

Akaenda. Mimi nilikuwa mlangoni, kazi yangu ikiwa kuandika habari ya ziara, na kutoka pale nilivisikia vigelegele, chake kimojawapo.

Mgeni aliingia na watu wengi kuliko chumba. Mkuu hakutaka kumwonyesha orodha ya majina, maana orodha haichezi. Alitaka jaribio, kwa sababu lilipoendeshwa kioo kilijaa mistari inayokimbia. Akaliita. Kioo kikatoa maneno machache, kikatulia.

"Mbona imegoma?" mgeni aliuliza.

"Haijagoma, mzee. Inaomba ruhusa."

"Kumbe ina adabu kuliko madereva wangu!"

Watu wakacheka. Mkuu alifungua kurasa zangu, akatafuta kwa kidole, akaandika lile neno. Nilisema, "Ndugu Mkuu, diski ya chini," lakini mistari ilikuwa imeanza kukimbia na makofi yakaanza nayo.

Dada alirudi na jasho la ngoma usoni. Alitazama kioo, kisha mimi.

"Nani ametoa diski ya Kurui?"

Hakuna aliyeitoa. Aliichomoa, akairudisha, akaisoma. Ilikuwa imejaribiwa na kufutwa, na kwa mujibu wa mashine ilikuwa nzima kabisa.

Dawa zilitolewa kwa orodha iliyochapwa na mashine, kwa kuwa hazikutosha na mradi uliogopa zisiishie kwenye magendo. Mwezi uliofuata orodha ya Kurui haikuwapo, na ya zamani ilikuwa imechomwa kama kawaida mwezi ulipoisha. Nilikuwa dirishani kwa mtunza dawa alipofika mama mmoja wa Kurui na mumewe. Walikuja juu ya lori la mihogo. Mama alikuwa amebakiza miezi miwili amalize dozi.

"Jina lako halipo, mama," mtunza dawa alisema. "Nikuandike mgonjwa mpya, usubiri zamu."

"Jina halipo, mimi nipo. Nimesimama hapa, au hunioni?"

"Nakuona, mama. Naweza kukupa ya nani?"

"Nikuonyeshe makalio? Sindano zote zimeandikwa huko."

Mumewe akamvuta kanga. "Punguza maneno, mke wangu."

"Niyapunguze ya nini? Pumzi ninayo ya kuyasema, siku nyingine sitakuwa nayo."

Dada wa mashine alikwenda kwa mkuu kuwaombea. Alijibiwa kwamba akipewa mmoja bila orodha watakuja hamsini. Wale wawili walilala barazani, asubuhi wakapanda lori la kurudi.

Ilikubaliwa kwamba majina yakusanywe upya kijiji kwa kijiji. Petroli ya safari hiyo ilipatikana baada ya mvua za vuli. Tulipita Kibuta, tukaingia Kurui kwa matope. Mimi niliandika, dada aliuliza. Yule mume alikuwa kwenye foleni, peke yake, na kofia mkononi.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Nimekuja kumwandikisha mke wangu."

Dada akauliza yuko wapi. Akaonyesha kwa kichwa upande wa mikorosho, palipokuwa na udongo mpya.

"Mwandikeni hivyohivyo," alisema. "Aliambiwa ni mgonjwa mpya. Hakuwa mpya. Miezi kumi alimeza, hakuruka siku. Nataka hilo liwemo."

Hatukubishana naye. Kule Kibaha, dada alifunua blanketi, akaanza kuingiza majina kwenye diski ileile. Alipofika kwa yule mama aliandika jina, kijiji, miezi kumi. Mashine ikauliza tarehe ya dawa inayofuata. Akapaacha wazi. Ikakataa, ikauliza tena. Huo nao ulikuwa ukaguzi, nilikuwa nimeuandikia ukurasa: mgonjwa asiye na tarehe hapokelewi.

Kurasa zangu zilikuwa mezani, zimefunguka palepale mkuu alipoziacha. Dada alilisoma lile neno, na mimi nikamwona akilisoma. Kisha akazifunga, akafuta jina herufi moja moja, akaniambia nimsomee la mtu anayefuata.