Ngozi Isiyoshikana

Miaka ile baada ya mkataba wa amani uliomaliza vita nilikuwa nikifundisha baiolojia katika chuo cha wauguzi Juba, nimepanga chumba mtaa wa Hai Malakal. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda. Nilimwita Mama.

Malengelenge yalimwanza mdomoni, yakashuka kifuani na mgongoni. Yalipasuka kwa kuguswa tu, ngozi ikabaki kwenye shuka. Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimtengea sahani na kikombe, kisha akaacha kuingia chumbani mwake.

"Wanasema mimi iko na laana," Mama aliniambia asubuhi moja. "Wewe unasomesha mambo ya mwili. Hii ni nini?"

Wiki hiyo darasani tulikuwa kwenye somo la jinsi seli zinavyoungana. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wanafunzi. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mahali pengine zimebanwa kabisa, kama utumboni, ili kilichomo kisivuje ovyo. Moyoni zina vijia vya kupitishiana ishara, ndiyo maana moyo mzima hupiga pamoja. Na kwenye ngozi zimeshikizwa kwa kitu kama vifungo vya shati, ili ngozi isichanike ikivutwa.

"Nahofia kinga ya mwili wako ndiyo inayovishambulia vifungo hivyo," nilisema. "Ugonjwa huo hauambukizi. Ila mimi si daktari. Twende hospitali."

"Mwili yangu inakula mimi?"

Niliitikia kwa kichwa. Laana angalau ina mtu wa kuombwa msamaha.

Daktari aliona vilevile, akamwandikia vidonge vya kutuliza kinga. Vidonda vilianza kukauka, Mama akala asida, ugali wa kwao, bila machozi. Wifi yake bado alisimama mlangoni.

Kisha mvua zikaharibu barabara ya Uganda na vidonge vikaadimika. Nilizunguka maduka ya dawa kuanzia Hai Jalaba hadi soko la Jebel. Vidonda vilirudi, safari hii na homa. Barabara ikiwa bado mbovu, kaka yake alikodi gari ampeleke Kampala. Tulimtandikia majani ya mgomba, maana shuka zilikuwa zikimbandua ngozi. Alifariki kabla ya kufika mpakani.

Matangani wifi yake alikuja kuketi karibu nami.

"Mwalimu, ni kweli haikuwa ya kuambukiza?"

"Ni kweli."

Alitazama viganja vyake. "Alikuwa anaomba nimsuke nywele," alisema. "Kila siku alikuwa anaomba."